Haki ya Msomaji katika Ugomvi wa Wahariri

Katika kila ugomvi wa watu wawili yuko mtu wa tatu ambaye hakuitwa, hakuulizwa wala hakusikilizwa, na mara nyingi huyo ndiye alipaye gharama. Wahenga walilijua jambo hili, wakasema kuwa wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika ugomvi wa wahariri wa kamusi elezo, nyasi ni msomaji. Mwanafunzi wa Songea au wa Kisumu afunguaye simu yake usiku ili ajue mji fulani ulijengwa na nani, au vita fulani viliua watu wangapi, hana habari kuwa saa moja kabla yake ukurasa ule ulisema neno jingine, na kuwa saa moja baada yake huenda ukasema neno la tatu. Yeye husoma alichokikuta, akakiandika katika daftari lake, akalala akiamini kuwa amejifunza.

Kamusi elezo inayozungumzwa hapa ni Wikipedia, iliyoanzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger, na ambayo tawi lake la Kiswahili lilifunguliwa mwaka 2003. Kazi yake hufanywa na watu wa kujitolea. Hawalipwi mshahara, hawatahiniwi kabla ya kuanza, na wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso. Karibu kila ukurasa waweza kubadilishwa na yeyote, na badiliko lolote laweza kutenguliwa na yeyote. Mahali pa namna hiyo ugomvi si ajali. Ni sehemu ya kazi, kama vumbi lilivyo sehemu ya kazi ya mwashi. Kuutaka usitokee ni kutaka nyumba ijengwe bila vumbi. Linalofaa kuulizwa ni namna ya kuuamua, na kwa faida ya nani.

Wako watu wa elimu, tena si wachache, ambao hulijibu swali hili kwa dharau. Husema kuwa kitabu kinachogombaniwa na waandishi wake hakistahili kusomwa. Baadhi yao hutaka ateuliwe mkubwa mmoja mwenye shahada, aseme neno, na wengine wanyamaze. Baadhi hutaka kila shauri lipigiwe kura, wengi washinde na wachache washindwe. Waliobaki hawataki lolote. Hukaa kando, wakacheka, wakaendelea na shughuli zao. Makundi haya matatu hayapendani, walakini kosa lao ni moja: yote humsahau msomaji.

Yafaa kwanza ugomvi wenyewe utazamwe ulivyo. Mhariri mmoja huandika neno. Wa pili hulifuta. Wa kwanza hulirudisha. Wa pili hulifuta tena. Kila mmoja huamini kuwa yeye ni mlinzi na mwenzake ni mwizi. Tangu 2004 tawi la Kiingereza lina kanuni ya kuwa mhariri asitengue kazi ya wenzake katika ukurasa mmoja zaidi ya mara 3 kwa muda wa saa 24. Apitaye mpaka huo huweza kuzuiwa asiandike. Kanuni hii ina faida, kwa kuwa humlazimisha mtu kuweka rungu chini na kufungua kinywa. Lakini haina macho. Humzuia mkweli arudishaye kweli mara ya 4 sawasawa na mwongo arudishaye uongo mara ya 4. Husimamisha mapigano, haiamui kesi. Wale waisifuo kana kwamba ndiyo suluhu yenyewe wamedhani kimya cha watu waliochoka ni amani ya watu waliokubaliana.

Rungu likishawekwa chini huja maneno, na kila ukurasa wa kamusi hii una ukurasa mwenzake wa majadiliano ambapo maneno hayo huandikwa. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa pili. Kuanzia mwisho wa 2012 hata Januari 2013 wahariri wa tawi la Kiingereza walibishana juu ya filamu iitwayo Star Trek Into Darkness. Walichobishania si kisa cha filamu wala sifa za waigizaji wake. Ni herufi moja, ile ya kwanza katika neno la tatu la jina hilo, kama iandikwe kubwa au ndogo. Maneno yaliyomwagwa juu ya herufi hiyo yalizidi 40,000, kiasi kitoshacho kitabu kizima, na mwisho herufi kubwa ikashinda. Watu walicheka, nao walikuwa na haki ya kucheka.

Kicheko hicho, hata hivyo, kilificha swali zito. Ni nani mwenye nafasi ya kuandika na kusoma maneno 40,000 kwa ajili ya herufi moja? Si muuguzi atokaye zamu ya usiku, si mwalimu mwenye madaftari 90 ya kusahihisha, si mvuvi ajuaye majina ya samaki wa Pemba kuliko kitabu chochote. Mabishano yakiamuliwa kwa pumzi, ukurasa huwa mali ya wenye pumzi. Mjuzi hutoa hoja yake mara mbili, akaona mwenzake bado anarudi na lile lile, akakumbuka kuwa ana watoto na shamba, akaondoka. Anayebaki hujitangaza mshindi na kuandika kuwa makubaliano yamepatikana. Hayo si makubaliano. Ni mchezo wa kuvuta kamba ambao mmoja ameiachia. Naye msomaji, ajaye kesho yake, hataambiwa kamba iliachiwa na nani wala kwa nini.

Watu wachoshwao na maneno hukimbilia kura. Wengi wape, husema, usipowapa watachukua wenyewe. Methali hiyo ni njema mahali pake, na mahali pake papo hata katika kamusi elezo. Mji wa Gdańsk, ulioko Polandi katika pwani ya Bahari ya Baltiki, umepata kuwa mikononi mwa Wapolandi na mikononi mwa Wajerumani kwa zamu, na Wajerumani huuita Danzig. Wahariri walitenguana juu ya jina hilo hata mwaka 2005 ikapigwa kura. Iliamuliwa kuwa habari za kabla ya 1308 zitumie Gdańsk. Za kuanzia 1308 hata 1454 zitumie Danzig. Za kuanzia 1454 hata 1793, Gdańsk. Za kuanzia 1793 hata 1945, Danzig. Na za baada ya 1945, Gdańsk. Aidha, jina moja litajwapo kwa mara ya kwanza, la pili litajwe karibu yake.

Kura hiyo ilifaa kwa sababu haikumnyang'anya msomaji kitu. Majina yote mawili ni ya kweli. Kilichohitajiwa ni mpango wa kuyatumia, na mpango ni jambo ambalo watu waweza kulichagua. Wasemaji wa Kiswahili wanalijua jambo la namna hiyo katika historia yao. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ukakiacha Kimvita, na Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930 ikasimamia tahajia. Walioketi mezani walikuwa maofisa na wamisionari zaidi kuliko wenye lugha, na manung'uniko hayakukosekana. Hata hivyo kitabu cha shule kilihitaji tahajia moja, nayo ikapatikana, wala washairi wa Mombasa hawakuacha kutunga kwa Kimvita.

Lakini kura iwezayo kuchagua jina haiwezi kuchagua tukio. Mfano ulio karibu ni Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964. Idadi ya watu waliouawa siku zile haijapata kukubaliwa na wote. Makadirio yaliyochapishwa huanza katika mamia na kufika 20,000. Nyuma ya kila tarakimu ipo familia inayolia, na ipo pia siasa inayoitumia. Je, wahariri 12 wakiinua mikono juu ya idadi fulani na 5 wakakataa, maiti wataongezeka au watapungua? Kura ya namna hiyo itaeleza hali ya wahariri. Haitaeleza hali ya Unguja.

Wala msuluhishi agawaye ukweli kama nyama hana nafuu. Yeye hutwaa hesabu ndogo ya huyu na hesabu kubwa ya yule, akaweka ya kati, kila mmoja akaondoka na kipande chake. Hesabu hiyo ya kati haikusemwa na shahidi yeyote, haimo katika hati yoyote. Imezaliwa katika ukurasa wa majadiliano kwa ajili ya kuwapatanisha watu wawili. Wahariri wamepatana, na msomaji ameibiwa. Afadhali wangeendelea kugombana.

Sasa na waje wale watakao mkubwa mmoja. Hoja yao ina sura nzuri: mjuzi na aamue, wajinga wajifunze. Ingekuwa hoja ya kutosha kama elimu ingemwondolea mtu upendeleo. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, awe na shahada au asiwe nayo, na mwamba ngoma aliye peke yake uwanjani hana wa kumwambia kuwa ngozi imepinda. Jambo hili halina haja ya kukisiwa, kwa kuwa limekwisha kujaribiwa katika tawi la Kikroatia.

Kwa karibu miaka 10 tawi hilo lilishikwa na kundi dogo la wakabidhi, yaani wahariri waliopewa na wenzao madaraka ya kufunga kurasa na kuzuia watu wasiandike. Kundi hilo lilikuwa la wazalendo wakali. Waliolipinga walizuiwa, na aliyezuiwa hakuwa na mahali pa kushtaki ila kwa wale wale waliomzuia. Katika kurasa zao, kambi ya mauaji ya Jasenovac, iliyoendeshwa na utawala wa Ustasha kuanzia 1941 hata 1945, ilipunguziwa uovu, ikaelezwa kama kambi ya kukusanya watu na kuwatumikisha. Orodha ya makumbusho ya mahali hapo ina majina ya watu zaidi ya 80,000 waliokufa humo: Waserbia, Wayahudi, Waroma, na Wakroatia waliopinga utawala ule. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia alilazimika kuwaonya wanafunzi wa nchi yake wasiitegemee kamusi iliyoandikwa kwa lugha yao wenyewe. Nguvu za kundi lile zilivunjwa mwaka 2020 tu, na mwaka 2021 shirika la Wikimedia likachapisha taarifa ya uchunguzi wa mambo hayo.

Yafaa kuzingatiwa kuwa katika miaka ile kurasa za tawi hilo hazikuwa na fujo kubwa. Zilikuwa tulivu. Mgeni angezipita akasema: hapa pana nidhamu. Utulivu huo ulikuwa wa nyumba ambayo wasemaji wake wamefukuzwa. Tena ulisaidiwa na jambo moja: lugha za eneo lile, ambazo wenyewe huelewana bila mkalimani, ziligawanyika katika matawi kadhaa, Kikroatia mbali, Kiserbia mbali, Kibosnia mbali, na la pamoja mbali. Aliyechoka kubishana katika tawi moja alihamia jingine. Kila upande ukapata ukurasa wake wa kujisifia, na msomaji wa kila upande akanyimwa hoja za jirani.

Ikiwa hayo ni madhara ya mkubwa mmoja, madhara ya kukaa kando yalionekana katika tawi la Kiskoti, lugha ya watu wa Uskoti iliyo ndugu ya Kiingereza. Mwezi wa Agosti 2020 iligunduliwa kuwa makala zaidi ya 20,000 za tawi hilo ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani ambaye hakuijua lugha hiyo. Alianza akiwa na miaka 12. Alitwaa maneno ya Kiingereza, akayapinda tahajia, akayabadilisha moja moja kwa kufuata kamusi, akadhani anawafanyia watu wa Uskoti hisani. Hakuwa na nia mbaya, wala haifai kumtupia mawe. Mawe yanawastahili wale waliokuwa na lugha vinywani mwao, wakaona, wakacheka, wakapita. Kwa miaka mingi hakuna aliyegombana naye kwa kadiri ya kutosha. Laiti wangalitokea watu 3 wenye uchungu wa lugha yao, wakatengua, wakaeleza, wakabishana naye wiki moja, kijana yule angalijifunza, na lugha ingalisalimika. Hawakutokea. Ukimya wao ulihesabiwa kuwa ni ridhaa, na dunia ikasoma Kiskoti kisichosemwa na mtu.

Hapa ndipo wasemaji wa Kiswahili wanapopaswa kujitazama. Tawi lao lina makala makumi elfu, na wahariri wanaolitunza siku kwa siku ni wachache mno wakilinganishwa na mamilioni ya watu wanaosema lugha hiyo. Kurasa nyingi zimeandikwa na mkono mmoja, zikasomwa na macho mengi, na ukurasa wa majadiliano ulio nyuma yake ni mtupu. Wako wauonao utupu huo kuwa ni heri. Si heri. Ukurasa usiopingwa na mtu haujathibitika kuwa kweli. Umethibitika kuwa haujaangaliwa. Na katika zama hizi hatari imezidi, kwa kuwa mashine za akili bandia hulishwa maandishi hayo hayo ili zijifunze kusema. Kosa lililoachwa katika ukurasa mmoja leo laweza kurudi kesho katika vinywa elfu, kila kimoja kikilitamka kwa sauti ya mjuzi.

Dawa yake haihitaji kubuniwa upya. Kanuni zake zimekwisha kuandikwa na wahariri wa kujitolea wenyewe kwa miaka zaidi ya 20 ya kugombana, na zikitazamwa kwa jicho la msomaji huonekana kuwa ni kanuni za haki. Ya kwanza ni ushahidi: neno likitiliwa shaka, aliyeliandika alete chanzo kilichochapishwa ambacho mwingine aweza kukifungua na kukipima. Asiseme najua, wala nimesikia, wala mimi ni mwenyeji wa huko. Ya pili ni nasaba ya maneno: vyanzo vikipingana, ukurasa usijifanye hakimu, bali useme nani amesema nini, lini, na kwa msingi gani, kila kauli ikipewa nafasi kwa kadiri ya uzito wa ushahidi wake. Katika habari za Unguja ya 1964, ukurasa wa namna hiyo hautampa mwanafunzi tarakimu moja ya kukariri. Utampa makadirio, wenye kukadiria, na sababu za kutofautiana kwao. Atatoka na kitu kizito kuliko tarakimu: atatoka akijua kwa nini tarakimu moja haijapatikana.

Ya tatu ni mtu wa nje. Wawili wakikwama, huitwa wa tatu asiye na upande, asome hoja na kutoa rai. Na jambo likiwa kubwa, jumuia nzima huombwa maoni, kwa desturi kwa muda wa siku 30. Kinachopimwa hapo ni uzito wa hoja, na idadi ya vinywa huwa ni dalili tu. Mtu wa nje humfaa msomaji kwa sababu yeye mwenyewe amekuja kama msomaji: hajui ugomvi ulianzaje, hana hasira ya jana, huuliza maswali ambayo wagomvi wamesahau kuyauliza. Ya nne ni kumbukumbu iliyo wazi. Kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, na kila hoja katika ukurasa wa majadiliano, hata msomaji akitaka aweza kurudi nyuma na kuona njia yote. Vitabu vilivyochapishwa havikupata kumpa msomaji haki hiyo. Aliyesoma kamusi ya karne iliyopita hakuonyeshwa wahariri wake walibishana nini mezani.

Hata mahakama ya wahariri ilijengwa kwa busara hiyo. Tawi la Kiingereza lina kamati ya uamuzi iliyoundwa mwisho wa 2003 na kuanza kazi mwaka 2004. Kamati hiyo huhukumu mwenendo wa watu: aliyetukana, aliyejificha nyuma ya akaunti za bandia, aliyetumia madaraka vibaya. Yaliyomo katika makala haiyahukumu. Wengi huuona huu kuwa ni upungufu, lakini ndio utu uzima wake. Hakimu aweza kuamua nani apewe nafasi ya kusema. Akianza kuamua nini ni kweli amekuwa mhariri mwenye bakora, na mwisho wa njia hiyo umekwisha kuonekana Kroatia.

Haya yote si mageni kwa watu wa pwani kama yanavyodhaniwa. Washairi wa Kiswahili wamelumbana tangu zamani, mji kwa mji na mtu kwa mtu, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa ukurasa wa kufanyia hivyo mbele ya wasomaji wa nchi nzima. Malumbano hayo yalikuwa na sheria. Mwenye kujibu alitarajiwa afuate bahari na vina vya aliyemwanza, maana yake alilazimika kwanza kuyasikia maneno ya mwenzake vizuri hata akaweza kutembea katika nyayo zake. Aliyejibu kwa matusi bila hoja aliaibika mbele ya wote. Shairi la kwanza halikufutwa ili la pili lipate nafasi. Yote mawili yalisomwa, na msomaji akapima. Watu waliozoea mashindano ya namna hiyo hawana sababu ya kuogopa ukurasa wa majadiliano. Wao ndio walipaswa kuwafundisha wengine.

Kinachowazuia ni adabu iliyoeleweka vibaya. Kijana hufunzwa asimkane mkubwa hadharani, na mafunzo hayo ni mema nyumbani na barazani. Lakini akikuta katika kamusi elezo neno lisilo kweli, akanyamaza kwa kuwa limeandikwa na mtu mzima, au na mtu mwenye cheo, au na mgeni aliyejitaabisha kujifunza Kiswahili, heshima yake imelipwa kwa fedha ya msomaji. Kukanusha neno si kumkana mwenye neno. Shikamoo yaweza kutangulia, na samahani yaweza kufuata, kisha ukurasa wa kitabu ukawekwa mezani. Na mkubwa wa kweli huushukuru. Naye mkubwa akumbuke kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani.

Wajibu mzito kuliko wote ni wa vyuo vikuu. Mwaka 2009 na 2010 yalifanywa mashindano ya wanafunzi wa Afrika Mashariki ya kuandika makala katika tawi la Kiswahili, na washindi wakapewa zawadi. Lilikuwa jambo jema, ila kuandika makala ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuisimamia ipingwe. Mwanafunzi wa Kiswahili apewe sifa ya darasani kwa hoja aliyoitetea katika ukurasa wa majadiliano kama apewavyo kwa insha. Afundishwe kubadili rai yake kwa maandishi pale ushahidi unapomshinda, kwa kuwa hilo ni gumu kuliko kuandika kurasa 10. Mwalimu wake naye azitoe makala zake za utafiti katika makabati ambayo hufunguliwa kwa fedha nyingi, aziweke kwa Kiswahili mahali ambapo mhariri wa Lindi au wa Lubumbashi aweza kuzifikia. Msomi anayeficha chanzo, kisha akacheka kuwa ukurasa hauna chanzo, anafanana na mtu aliyefunga kisima na kuwasuta watu kwa uchafu.

Tena wasemaji wa Kiswahili wana neema ambayo majirani wa Bahari ya Adriatiki waliikosa. Mtanzania, Mkenya na Mkongo, pamoja na watu wa Unguja na wa Lamu, wote wana tawi moja tu. Hawana pa kuhamia wakichokana. Lazima wakutane katika ukurasa ule ule, yule aseme hivi na huyu vile, juu ya mpaka, juu ya mshairi, juu ya asili ya neno, juu ya vita vya babu zao. Ugomvi huo utakuwapo, na ni bora uwepo kuliko kila nchi kujifungia na ukurasa wake. Ukiendeshwa kwa ushahidi utazaa kamusi ambayo hakuna nchi moja kati yao ingeweza kuiandika peke yake.

Mhariri wa kujitolea na agombane, basi, wala asione haya. Ila akumbuke anagombana kwa niaba ya nani. Akishinda kwa pumzi, msomaji ameshindwa. Akishinda kwa wingi wa marafiki, msomaji ameshindwa. Akishinda kwa cheo, au kwa sababu wenye kujua walikaa kimya, msomaji ameshindwa. Akishindwa yeye kwa ushahidi ulio bora kuliko wake, akaurekebisha ukurasa kwa mkono wake mwenyewe, hapo mwanafunzi wa Songea afunguaye simu yake usiku amepata haki yake, ingawa hatajua kamwe ni nani aliyempa.